Oili Chafu Ni ya Nani?

Swali ninalotaka kulijadili hapa sikulikuta darasani. Nililikuta nikiwa nimelala chali juu ya kipande cha boksi, chini ya lori la baba, nyumbani kwetu Mbugangari mjini Gisenyi, nikisubiri oili ya injini imalize kuchuruzika ndani ya beseni. Swali lenyewe ni hili: kitu ambacho ni changu huacha kuwa changu lini? Kwa vitu vizuri jibu ni jepesi. Nikikiuza au nikikitoa zawadi, kimehama. Lakini kwa kitu ambacho hakuna anayekitaka, nikiwemo mimi mwenyewe, jibu si jepesi hata kidogo, na ilinichukua karibu mwaka mzima, pamoja na bustani ya mtu mwingine, kuligundua hilo.

Lori letu ni Canter, na lina umri mkubwa kuliko wangu. Hubeba viazi na karoti kutoka Bigogwe na vijiji vya juu kuja mjini, na viazi visipokuwapo hubeba mchanga au saruji. Zamani baba alikuwa akilipeleka karakana kubadilisha oili kila baada ya kilomita 5,000. Karakana yenyewe siitaji, maana hadithi hii si yake. Siku moja baba aliinama akachungulia, akaiona filta ya oili ikiwa na mkwaruzo uleule aliouweka yeye mwenyewe kwa msumari safari iliyopita, ilhali karatasi ya malipo ilisema filta ni mpya. Ilikuwa imefutwa vumbi tu. Hakugombana na mtu. Alirudi nyumbani akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo kazi hiyo itafanyika uani kwetu, na kwa kuwa mgongo wake haumruhusu tena kulala chini, mikono ya kazi ingekuwa yangu. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nasubiri kuanza chuo, na sikuwa na udhuru wowote.

Nitaieleza kazi hiyo kwa kirefu kidogo, kwa sababu wenzangu wengi hapa chuoni huiona kama kazi isiyo na fikra, na mimi sikubaliani nao.

Kwanza lori lisimame mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, na magurudumu yawekewe mawe. Unaiwasha injini dakika chache ili oili ipate joto, kwa maana oili baridi ni nzito na huacha uchafu wake chini ya sampo. Isiwe ya moto sana, la sivyo itakuunguza mkono. Unazima, unafungua kifuniko cha juu ili hewa iingie, kisha unaingia chini na spana. Nati ya kutolea oili inalegea kwa shida mara ya kwanza, halafu ghafla inakuwa nyepesi, na hapo ndipo unatakiwa kuisukuma kwa ndani huku ukiizungusha kwa vidole, hadi uzi wa mwisho uishe, kisha uitoe kwa haraka. Ukichelewa, oili inakuteremkia hadi kwapani. Mara yangu ya kwanza iliniteremkia hadi kwapani.

Baadaye inakuja filta. Unaifungua kwa mkono, na ikikataa unaizungushia mkanda. Ikishatoka, unapapasa kwa kidole pale ilipokuwa imekaa, kuhakikisha kwamba ule mpira wake wa mviringo haukubaki umenata kwenye injini. Baba alinisisitizia jambo hili kuliko mengine yote: ukifunga filta mpya juu ya mpira wa zamani, mipira miwili haitashika, na ukiwasha injini oili yote itarushwa nje. Kisha unaupaka mpira wa filta mpya oili safi kwa ncha ya kidole, unaifunga hadi iguse, halafu unaongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono bila spana. Unairudisha nati pamoja na wosha mpya ya shaba. Unamimina oili mpya, kwetu ni lita tisa na kidogo, unawasha, unasubiri taa ya oili izimike, unazima tena, unangoja itulie, unachomoa kijiti cha kupimia na kukisoma. Hakuna anayekuangalia. Ukidanganya, atakayejua ni wewe na injini, na injini haitasema kitu hadi siku itakapokwama kwenye mlima wenye mvua na magunia 40 ya viazi mgongoni.

Kuna jambo jingine ambalo baba alinifundisha na ambalo halikunitoka. Nilipoiona oili ya zamani nyeusi tititi, nilisema imeharibika. Alinisahihisha. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi mapema sana, na weusi huo ni dalili kwamba imefanya kazi. Imetiwa viungo vya kuyakamata masizi na kuyabeba yasigande kwenye vyuma. Chembe za chuma zinazosagika, majivu, mabaki ya dizeli isiyoungua, yote huyachukua na kuyaweka ndani yake ili injini ibaki safi. Tunapoibadilisha, kinachotoka ni ule uchafu wote wa kilomita 5,000 za safari zetu, umekusanywa mahali pamoja katika beseni la plastiki. Kila gunia la viazi lililotulipia karo limo mle kidogo.

Na sasa beseni limejaa. Utalipeleka wapi?

Watanzania husema "kumwaga oili" wakimaanisha shughuli nzima ya kuibadilisha. Mafundi wa kwetu, kwa athari za Kifaransa, husema "kufanya vidanji", neno lililotokana na kitenzi chenye maana ya kukifanya kitu kiwe kitupu. Sisi tunaosoma lugha tunapaswa kushangazwa na jambo hili: lugha mbili zimeitazama kazi yenye hatua kumi na zote zikachagua kuiita kwa hatua ileile ya kutoa na kumwaga. Lakini hakuna inayosema inamwagwa wapi. Kitenzi kinataka mtendwa, kinampata, kisha sentensi inafungwa kabla ya mahali kutajwa.

Mimi nilipata mahali pazuri, au ndivyo nilivyodhani. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka ng'ambo ya mpaka, na kwa siku kadhaa baada ya hapo ardhi ya Goma na Gisenyi ilitetemeka mfululizo. Nyumba zilipasuka, barabara zilipasuka, na uani kwetu, nyuma ya jiko, ulibaki ufa mwembamba uliopita katikati ya makoro, yale mawe meusi ya volkano, ukaelekea kwenye ukuta wa mawe unaotutenganisha na jirani wa chini. Mwezi Agosti, katika kiangazi, nilisimama na beseni langu juu ya ufa huo na kumwaga. Ulikunywa lita tisa bila kuacha doa. Hata harufu iliondoka baada ya siku mbili. Nakumbuka nilifurahi, nikaona kama ardhi yenyewe ilikuwa imenipa shimo. Mwezi Novemba nikafanya tena, na Februari tena. Jumla yake ni lita 27 hivi, na filta tatu nilizozitupa kwenye takataka zikiwa bado zinadondoka.

Nikitazama nyuma naona kwamba karakana ilikuwa ikituuzia vitu viwili kwa bei moja: kazi na usahaulifu. Filta ilikuwa ya uongo, lakini usahaulifu ulikuwa halisi. Baba hakuwahi kuuliza oili ya zamani inakwenda wapi. Tulipoileta kazi nyumbani tuliileta yote, pamoja na mwisho wake, nasi hatukujua kwamba ulikuwa na mwisho.

Jirani wa chini ni mama mmoja mjane ambaye amenifahamu tangu nabebwa mgongoni. Kiwanja chake kiko chini ya chetu kwa kimo cha mtu hivi, na kando ya ule ukuta wa mawe alikuwa na matuta manne ya mchicha, dodo kama tunavyouita hapa. Aliuvuna na kuuza mafungu asubuhi, njiani kuelekea Petite Barrière, kwa wanawake wanaovuka mpaka kwenda Goma. Mvua za masika zilipoanza, Machi 2022, dodo za matuta mawili ya juu zilianza kuwa za njano, kisha zikanyauka. Oili huelea juu ya maji. Ufa ulipojaa maji ya mvua, kile nilichokizika kilipanda, kikatafuta mlango, kikaupata kati ya mawe ya ukuta.

Aliniita jioni moja. "Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu. Njoo uniangalizie hizi dodo, zina ugonjwa gani?"

Nilishuka. Nilichuchumaa mbele ya tuta, na katika kidimbwi kidogo kilichotuama kwenye mfereji wake niliona ule utando wenye rangi za upinde wa mvua. Nilijua papo hapo. Nikachukua jani moja, nikaligeuza, nikalitazama kama mtu anayejua kutazama majani, nikasema, "Labda ni mvua imezidi, Mama." Akanishukuru.

Nilirudi juu nikiwa na hakika kwamba nilikuwa nimefanya makosa mawili na kwamba la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Siku kadhaa nilijitetea kichwani. Nitautaja utetezi wangu kama ulivyokuwa, kwa sababu nadhani si wangu peke yangu.

Utetezi wa kwanza ni wa kutojua. Sikujua kwamba ufa ulikuwa na mlango upande wa pili. Ni kweli, sikujua. Lakini kwa nini sikujua? Niliufuata ufa kwa macho hadi ukutani, na ukuta nilijua uko juu ya bustani ya nani. Nilisimamia hapo kwa sababu hatua moja zaidi ingeniharibia urahisi. Ufa ulinipendeza kwa sababu uliniruhusu nisione, na mtu anayependa mahali kwa sababu hapaonyeshi kitu hawezi baadaye kulalamika kwamba hakuonyeshwa.

Utetezi wa pili nilipewa na baba nilipomweleza. Alinisikiliza, akauliza, "Kwani ulikuwa unamwaga wapi?" Hilo lilikuwa swali lake la kwanza juu ya jambo hilo katika muda wote huo. Nilipomjibu alisema, "Karakana zote zinamwaga. Sisi tuna lori moja." Akanyoosha mkono upande wa ziwani, kama kunikumbusha ukubwa wa dunia. Na kweli, Ziwa Kivu lina kina kinachofika karibu mita 485, na maji yake ya chini yamefungia methani ya kilomita za ujazo zipatazo 60, kiasi kwamba tangu mwaka 2016 kuna mtambo kule Karongi unaoivuta na kuzalisha umeme wa megawati 26. Lita zangu tisa ni nini mbele ya ziwa kama hilo? Shirika la mazingira la Marekani, EPA, husema oili inayotoka katika badiliko moja tu la oili inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji yasiyo na chumvi. Baba angesema ziwa lina galoni nyingi kuliko hizo, na angekuwa sahihi.

Niliihangaikia hoja hii kuliko zote, kwa sababu haina uongo ndani yake. Udogo ni ukweli. Mwishoni mwa miaka ya 1950 walichukuliwa samaki wadogo kutoka Ziwa Tanganyika wakatiwa katika Kivu, na leo ndio sambaza wanaoliwa Gisenyi, Goma na Bukavu. Nilijaribu kujiambia kwamba basi kidogo kinachotiwa ziwani hakibaki kidogo. Lakini mfano huo hausimami, oili haizai. Nikauacha.

Kilichonisaidia ni kuziweka bustani na ziwa pamoja. Oili ileile, mkono uleule. Ingefika ziwani bila kupitia kwa jirani, nisingelala macho hata usiku mmoja. Tofauti ni nini? Si kwamba ziwani hakuna mtu. Ng'ambo ya mpaka kuna watu wanaochota maji humo kwa madumu kila asubuhi, na hapa kwetu pia, mabomba yanapokauka, watoto hushuka ufuoni. Tofauti ni kwamba bustanini madhara yangu yalikuwa na njia ya mita chache, na njia hiyo ilirudi moja kwa moja kwangu. Ziwani yangechanganyika na ya wengine, na nani angeweza kuyatambua? Kwa hiyo kile nilichokuwa nakiita kutokuwa na hatia kilikuwa ni kutopatikana tu. Mwizi wa sokoni naye hana hatia kwa maana hiyo, msongamano ukiwa mkubwa.

Wakati nayaandika haya siwezi kuacha kuyakumbuka mafuriko ya usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, ambapo zaidi ya watu 130 walikufa katika Mikoa ya Magharibi na Kaskazini, na mto Sebeya ulipita ndani ya nyumba za watu hapa Rubavu. Tope lililobaki ndani ya nyumba hizo lilikuwa udongo wa mashamba ya milimani, ambako msitu wa Gishwati ulikatwa kwa miongo mingi hadi ukabaki kipande. Mvua ya usiku ule ingeua watu hata kama msitu ungekuwapo, sisemi vinginevyo, na waliokata mti mmoja mmoja kwa ajili ya kuni na malisho walikuwa na njaa halisi. Wala siliweki beseni langu karibu na misiba hiyo. Nasema tu kwamba hakuna mkulima hata mmoja aliyepeleka tope katika chumba cha mtu. Kila mmoja alikuwa na shamba moja.

Utetezi wa tatu ulikuwa wa mali. Ua ni wetu, ufa uko uani kwetu, oili tuliinunua kwa fedha zetu. John Locke, Mwingereza aliyeandika juu ya serikali mwaka 1689, alifundisha kwamba mtu hukifanya kitu cha ulimwengu kuwa chake kwa kukichanganya na kazi ya mikono yake. Anayechuma tunda mwituni amelifanya lake kwa kulichuma. Nilipomsoma chuoni baadaye nilicheka peke yangu. Ikiwa ndivyo, hakuna kitu duniani kilicho changu kama ile oili chafu. Karo yangu ililipwa na baba, shati nililovaa lilitoka sokoni, lakini oili ile niliitoa injinini kwa spana na vidole vyangu, ikanipaka hadi kwapani. Locke huyohuyo aliweka sharti: jichukulie, mradi wengine waachiwe cha kutosha na kilicho kizuri vilevile. Wasomaji wake wengi huliangalia sharti hilo upande wa kuchukua. Mimi naliona upande wa kuacha. Kila ninachokiacha nacho kinachukua kitu kwa mwingine. Nilichukua matuta mawili ya dodo bila kuyagusa.

Padri Alexis Kagame, mwanafalsafa wetu, katika kazi yake ya mwaka 1956 juu ya falsafa ya Kibantu ya Rwanda, aliyagawa yote yaliyopo katika mafungu manne kwa kuzifuata ngeli za Kinyarwanda: umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu. Kwa Kiswahili tungesema mtu, kitu, mahali na namna. Mtu ana akili, kitu hakina. Wanafunzi wenzangu hulalamika kwamba huo ni uchambuzi wa sarufi uliovikwa joho la falsafa, na wapo wataalamu waliomlaumu Kagame hivyohivyo. Lakini mimi niliposoma orodha ile niliwaza beseni. Oili ni kitu, haijui inakokwenda wala haiwezi kuulizwa. Kujua inakokwenda ni kazi ya mtu, na mtu akikataa kujua, basi hapo hakuna anayejua kabisa. Halafu kuna lile fungu la tatu. Ikiwa mahali ni mojawapo ya mafungu ya vyote vilivyopo, basi hakuna kitu kilichopo pasipo mahali, na hakuna kitendo kiitwacho kutupa. Kuna kuhamisha tu. Kitu kilikuwa hapa, sasa kiko pale, na pale pana mtu. Hayo ni maelezo yangu, Kagame asilaumiwe.

Nilikwenda kwa mama jirani siku ya kumi na moja. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu yenye kuomba radhi mara tatu, lakini nilipofika nilimkuta anachambua maharage, nikasema tu, "Mama, dodo zako hazina ugonjwa. Ni oili ya lori letu. Niliimwaga mimi kwenye ufa." Sikusema "ilimwagika". Kiswahili kinaturuhusu kusema hivyo, na kauli hiyo ya kutendeka ilikuwa imenijia mdomoni njia nzima.

Hakunifokea. Aliacha maharage, akanitazama kwa muda, akauliza, "Bado ipo mle?"

Hilo ndilo swali ambalo sikuwa nimejiuliza. Siku zote kumi na moja nilikuwa nafikiri juu ya kosa langu, dhamiri yangu, aibu yangu mbele yake, wakati yeye kilichomhusu ni oili. Ilikuwa bado ipo mle, na mvua za Aprili zilikuwa bado hazijaisha.

Tulichimba Jumamosi mbili, mimi, baba na kijana wake mmoja. Baba alikaa kwenye kiti na kutoa maagizo, ila siku ya pili alishuka mwenyewe na koleo, mgongo ukimuuma. Tulifungua sehemu ya ukuta wa mawe, tukatoa udongo mweusi unaonuka, tukalowesha oili iliyotuama kwa vumbi la mbao na kuizoa. Makoro mengine tuliyafuta kwa matambara, kazi ya kipumbavu ukiiona kwa mbali. Kisha Canter ileile ilileta udongo mzuri kutoka Bigogwe, safari moja, tukajaza matuta upya. Hatukutoa yote, najua. Mama alipanda maua kwenye tuta la juu kabisa na kulima dodo kwenye matatu yaliyobaki, na kwa miezi kadhaa alizijaribu kwanza kwa sungura wake kabla ya kuziuza. Mafungu aliyopoteza baba alimlipa kwa viazi. Alivipokea bila kutuambia kama vinatosha.

Lakini ule udongo tulioutoa tuliutia katika magunia. Yalijaa matatu na nusu. Tukayaleta uani kwetu, tukayafunika kwa bati ili mvua isiyafikie. Na hapo tukarudi palepale pa mwanzo, ila sasa ni kilo mia na zaidi badala ya beseni moja. Tuyapeleke wapi? Nilijifunza wakati huo kwamba kuisafisha oili si kuimaliza. Ni kuichukua tena, kukiri kwamba ni yako, na kuishi nayo.

Bado tunabadilisha oili nyumbani. Rafiki zangu huniuliza kwa nini tusirudi karakana, tukapumzika. Jibu langu ni kwamba karakana itatupumzisha macho tu. Labda iko inayoihifadhi vizuri na kuiuza kwa wanaoichoma kwenye tanuri, labda iko inayoimwaga mferejini, na kwa kulipa nisingejua ni ipi. Siku hizi natandika plastiki chini ya lori, naiacha filta ikae juu chini usiku kucha hadi imalize kudondoka, na oili naitia katika madumu yaliyokuwa na mafuta ya kupikia, baada ya kuyachora msalaba mwekundu ili mtu asije akakosea. Kuna fundi wa mbao anayekuja kuyachukua. Anapaka nguzo za zizi na za uzio kuzuia mchwa, na waashi nao humwomba ya kupaka mbao za zege zisinate. Ya kwanza alinilipa, faranga chache. Nilimuuliza nguzo anazipeleka wapi. Alicheka, akasema hajawahi kuulizwa na mtu anayempa kitu. Kisha akaniambia ni Bigogwe, kwenye malisho ya ng'ombe.

Nguzo husimama ardhini, na Bigogwe mvua hainyeshi kidogo. Sijampa jibu langu bado. Kwa sasa madumu mawili yako pembeni mwa jiko, la tatu limejaa nusu, na nimemwambia asubiri.

Mama jirani hupita uani kwetu anapokwenda kuchota maji, kwa kuwa njia ya mkato iko kwetu. Huyaangalia yale magunia chini ya bati kila anapopita, na wakati mwingine huuliza:

"Na haya?"

"Bado, Mama."

"Haya," husema, na kuendelea na ndoo yake.